Fadhila ya Anayekula kwa Shida

Habari ikienea kwamba fulani amefungwa ukanda tumboni ili apungue, hukumu haichelewi. Watasema ameshindwa kuuzuia mkono wake, akaenda kumlipa daktari amzuilie. Ukiyaondolea maneno hayo umbea, nyuma yake kuna swali ambalo watu wa dini na wanafalsafa wamehangaika nalo kwa karne nyingi: kiasi ambacho mtu hakujipimia mwenyewe ni fadhila, au ni pingu tu? Mfungwa aliyelala na njaa hatusemi kwamba amefunga. Kwa nini basi tumsifu mtu aliyeacha nusu ya sahani kwa sababu chakula hakipiti tena? Swali lenyewe ni zuri kuliko wengi wanaoliuliza. Ila linaitafuta fadhila pasipo pake. Linaitafuta kwenye chakula kilichoachwa, na kwa mwenye ukanda fadhila imo kwenye chakula kinacholiwa.

Ukanda ni pete ya silikoni. Daktari huizungusha sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, chini kidogo ya pale umio unapoingilia, na juu yake kinabaki kifuko cha kupokea vijiko vichache tu. Mrija mwembamba huiunganisha pete na kidude kilichoshonewa chini ya ngozi ya tumbo. Hapo ndipo sindano inapochomwa, ama kuongeza maji ya chumvi pete ikaze, ama kuyavuta ilegee. Lubomyr Kuzmak, daktari mpasuaji mwenye asili ya Ukraine aliyefanya kazi New Jersey, alileta ukanda wa aina hii unaorekebishika mwaka 1986. Mwaka 1993 Mitiku Belachew, mzaliwa wa Ethiopia aliyekuwa akitibu Ubelgiji, aliuweka kwa kupitia matundu madogo bila kulifungua tumbo zima, na Marekani ikauidhinisha mwaka 2001. Siku hizi umaarufu wake umeshuka sana. Kanda nyingi ziliteleza, nyingine zikala ukuta wa tumbo, nyingine hazikuleta matokeo zikatolewa, na hospitali nyingi zimehamia kwenye kukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula. Tanzania wengi wamesikia zaidi habari za puto linaloingizwa tumboni kwa muda. Kwa swali letu, hata hivyo, ukanda ndio mfano ulio wazi kuliko yote, kwa kuwa haukati kiungo chochote na kesho unaweza kulegezwa. Kazi yake kubwa ni kukufanya kula kuwe na masharti.

Na masharti hayo si madogo. Wiki za mwanzo ni vimiminika, kisha vyakula vilivyopondwa, kisha vilaini, mpaka mlo wa kawaida unaporudi baada ya mwezi na nusu hivi. Hapo ndipo shida huanza. Tonge la ugali la saizi ya watu wote halipiti. Nyama choma iliyokauka kidogo, mkate mweupe, wali mkavu, vikimezwa kwa haraka hukwama nyuma ya mfupa wa kifua. Mlaji anahisi amekabwa ingawa anapumua; mate yanamjaa mdomoni, mazito, yana povu; anakatiza mazungumzo, anainuka, anatafuta mlango. Zikipita dakika kadhaa, kilichokwama ama kinateremka ama kinarudi juu. Maji, ambayo mkono wa kila mtu ungeyakimbilia, yanazidisha taabu, maana nayo hukaa juu ya kilichokwama. Kwa hiyo anafundishwa upya kitu alichokijua tangu utoto: kukata vipande vidogo kama ukucha, kutafuna mpaka kiwe uji, kutua kati ya tonge na tonge, kutokunywa wakati wa kula, na kuacha pale dalili ya kwanza ya shibe inapojitokeza.

Lakini aiskrimu inapita. Chokoleti inayeyuka mdomoni na kupita. Soda, juisi ya miwa, chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari, vyote vinapita bila kubisha hodi. Madaktari wanaijua njia hii vizuri: mgonjwa aliyechoka kukwamwa anaachana na kuku na mboga, anahamia kwenye vitu laini na vitamu, na uzito unagoma kushuka, pengine unapanda, pete ikiwa imekaza vilevile. Jambo hili linaandikwa kwenye vitabu vya tiba kama kasoro ya matumizi. Mimi naliona kuwa ndio ushahidi mkubwa kabisa katika mjadala wetu. Ukanda haujui dhambi; unajua ugumu na ulaini. Humnyima mtu mnofu wa kuku ambao mwili wake unauhitaji, na kile alichoambiwa akiogope unakiachia njia.

Papa Gregori Mkuu, katika karne ya 6, alitaja njia tano ambazo ulafi humnasia mtu, na karne ya 13 Thomas wa Akwino akazipokea: kula kabla ya wakati, kutamani vya gharama, kula kupita kiasi, kula kwa pupa, na kudeka katika mapishi. Upime ukanda kwa orodha hiyo, utaona kwamba unagusa njia mbili, wingi na pupa, na tatu zilizobaki hauzifikii hata kwa mbali. Aristotle naye, katika kitabu chake cha maadili, anamtaja mlafi aliyeomba koo lake liwe refu kuliko la korongo, kwa sababu raha yake ilikuwa kukihisi chakula kikipita. Bwana huyo angefungwa ukanda, angejifunza upesi sana kupenda aiskrimu. Kati ya kuku atakayemchukua nusu saa na kinywaji kitamu kitakachoteremka kwa dakika moja, hakuna pete inayomchagulia mtu. Kwa sisi wengine, kuwa na kiasi ni kukataa: kurudisha sahani, kufunika sufuria. Kwa mwenye ukanda kukataa kumekuwa kwepesi, mara nyingi mwili unakataa kabla yake. Kilichobaki kizito ni kukubali, yaani kukaa na chakula chenye masharti, mara tatu kwa siku, huku njia ya ulaini ikiwa wazi na hakuna anayeangalia.

Mapokeo yetu ya dini yana nafasi kwa wazo hili kuliko tunavyodhani. Yohane Kasiano, aliyeyapeleka mafundisho ya wamonaki wa jangwani mpaka Gaul mwanzoni mwa karne ya 5, alionya kwamba haiwezekani kuwawekea watu wote kanuni moja ya kipimo cha chakula: mmoja hula ratili mbili za mkate asihisi shibe, mwingine huelemewa na wakia sita. Lengo ni moja, vipimo ni vingi. Kwa Waislamu kuna hadithi mashuhuri aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Miqdam bin Ma'dikarib, kwamba mwanadamu hajazi chombo kibaya kuliko tumbo lake, na asipoweza kutosheka na vitonge vichache basi agawe theluthi tatu: chakula, kinywaji na pumzi. Wahubiri wanazipenda theluthi, maana zinahesabika. Wanapita haraka kwenye sehemu ya mwanzo, ambayo inasema vitonge hivyo vichache ni vya kumsimamishia mtu mgongo wake. Uchache una kazi yake. Aliyefungwa ukanda akaishi kwa soda na biskuti zilizochovywa kwenye chai amekula kidogo kuliko wengi wetu, na mgongo haujasimama.

Mwenye kupinga atajibu kwamba yote haya yanakwepa jambo moja: mtu mwenye nia ya kweli angefika bila kisu. Hoja hii ina sifa ya kuonekana kali, lakini inadhani kwamba njaa ni mtumishi wa nia. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys aliwaweka wanaume 36 kwenye nusu njaa kwa muda wa miezi sita ili kujifunza namna ya kuwalisha wahanga wa vita. Hawakuwa watu legelege. Wote walikuwa wamekataa kushika silaha kwa ajili ya dhamiri, wengi wao wakitoka kwenye makanisa ya amani, na walijitolea wenyewe kwa jaribio hilo. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, na njiani chakula kikawatawala akili: walisoma vitabu vya mapishi, walilamba sahani, baadhi yao wakaiba chakula nje ya masharti, na waliporuhusiwa kula walikula kupita shibe na bado wakajiona wana njaa. Ni kweli hawakuwa wanene, na hali yao si sawasawa na ya mgonjwa wa leo. Wanachotuonyesha ni kwamba mwili unaopunguzwa hupigana, na silaha zake huzifikia hata dhamiri zilizokwisha kupimwa na serikali zikashinda. Anayemwambia mtu wa kilo 150 kwamba anakosa nia tu, ajiulize kama nia yake mwenyewe imewahi kujaribiwa hivyo.

Pingamizi la pili ni la kidini zaidi. Kurani, katika Sura An-Nisaa, inataja kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu miongoni mwa mambo ambayo shetani ameapa kuwaamrisha watu. Je, kulifunga tumbo lililoumbwa likiwa zima si hilo hilo? Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu lililokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007 lilijibu kwa masharti: kupunguza uzito kwa njia za kitabibu, upasuaji ukiwamo, kunaruhusiwa pale uzito unapokuwa ni maradhi, hakuna njia nyingine isiyo ya upasuaji, na usalama dhidi ya madhara umehakikishwa. Masharti hayo yanafunga mlango kwa anayetaka kiuno cha harusi, na ni vizuri yaufunge. Kwa aliyebaki ndani ya masharti hayo, ukanda ni dawa, na hakuna anayemwambia mgonjwa wa kisukari kwamba sindano ya insulini imempokonya thawabu.

Zaidi ya hayo, mwenye ukanda hali peke yake. Mezani, na hasa kwenye sinia la pwani ambapo mikono minne au mitano inakutana kwenye pilau moja, anayetafuna mara ishirini anabaki nyuma, na kubaki nyuma kunaonekana. Mama mkwe atamsukumia mnofu mbele yake: "Kula mwanangu, mbona hujagusa kitu?" Ukarimu huo ni wa kweli, na kwa mtu huyu ni mtihani mkubwa kuliko njaa yenyewe, kwa kuwa kumridhisha mwenyeji kunaweza kuishia chooni. Mwezi wa Ramadhani unabana zaidi. Hawezi kunywa huku akila, na kati ya futari na daku ana saa chache za kupata maji na chakula cha kumtosha. Akifungua kwa uji na tende, inabidi asubiri kabla ya magimbi, na wageni wamekwisha kunawa. Pengine daktari atamwambia asifunge, na sheria inayomruhusu mgonjwa kula inamhusu yeye pia, hata kama kwa macho anaonekana mzima. Hapa sehemu ya fadhila inawaangukia wengine. Adabu ya kula kilicho mbele yako, na mafundisho kwamba chakula cha wawili huwatosha watatu, yalikuwa yakimlinda mlaji wa polepole muda mrefu kabla ya silikoni kuvumbuliwa.

Pingamizi lililo zito kuliko yote nimeliweka nyuma. Pete ikitolewa, wengi hurudi kunenepa. Je, haithibitiki hapo kwamba kiasi kilikuwa kwenye pete, na mtu hakujifunza lolote? Sehemu ya hoja hii naikubali: aliyeishi miaka mitano akikubali tu kuzuiwa hajawa mtu wa kiasi, na Aristotle angekuwa wa kwanza kusema hivyo, kwa kuwa kwake tabia njema hujengwa kwa kuchagua tendo lilelile tena na tena, si kwa kukosa nafasi ya kutenda vingine. Lakini hoja inataka zaidi ya inavyostahili. Inataka fadhila isimame bila tegemeo lolote, na hakuna aliyewahi kuwa nayo ya namna hiyo. Mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali, anapofundisha kuvunja matamanio ya tumbo katika kitabu chake Ihya, hamwachi mwanafunzi ajitegemee: anamwekea upunguzaji wa hatua kwa hatua, desturi na uangalizi. Mfungaji wa Ramadhani ana mji mzima unaofunga naye, na tunajua jinsi wengi wanavyokula Shawali ikiingia; hakuna anayesema kwa sababu hiyo kwamba saumu yao ilikuwa bure. Uzito uliorudi unatuambia habari za homoni, njaa, na tegemeo lililoondoka. Hautuambii ni mara ngapi mtu huyo, pete ikiwa bado imo, alichukua kuku akaiacha aiskrimu kwenye friji. Padri au shehe anayetaka kumsaidia, basi, amuulize anakula nini na anakulaje, na swali la kilo alizopunguza amwachie nesi.