Udhaifu Ukae Wapi?

Jambo linaloulizwa hapa ni dogo kwa sura yake, na huenda msomaji akashangaa kulikuta katika kurasa za fikra. Na achukuliwe kijana wa Miembeni, mjini Bukoba, mwenye Subaru Impreza ya mwendo mkali, iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imekwisha kutumika, kama yalivyo magari mengi ya Tanzania. Siku moja, akiupanda mwinuko wa kutoka mjini, anasikia injini ikivuma zaidi kila akandamizapo mafuta, na gari haliongezi mwendo. Harufu ya kuungua inaingia ndani. Anakwenda kwa fundi, mtu mzima wa umri wa baba yake. Fundi analiendesha gari hatua chache, anarudi, anasema klachi imekwisha.

Kijana anasema, "Basi, mzee, nitafutie ile ngumu ya mashindano, nisirudi tena kwa jambo hili."

Mzee anajibu, "Haya, mwanangu."

Giaboksi inashushwa, klachi ngumu inafungwa, malipo yanatolewa, na kila mmoja anakwenda zake ameridhika. Swali ni hili: je, jibu lile la maneno mawili lilitosha?

Hapana budi kwanza kufahamu klachi ni kitu gani. Injini haiwezi kusimama na papo hapo ikaendelea kuwaka. Magurudumu nayo hayana budi kusimama mara kwa mara. Kati ya viwili hivi imewekwa sahani ambayo pande zake mbili zimevikwa ngozi ngumu ya kushika. Presha pleti yenye springi kali huibana sahani hiyo juu ya gurudumu zito la injini ambalo mafundi huliita flaiwili. Mguu ukikanyaga pedali, mbano hulegea na injini huzunguka peke yake; mguu ukiinuka, sahani hubanwa tena, huteleza kitambo kidogo, kisha hushika. Katika kuteleza huko kidogo ndimo imo kazi yake yote. Kila inapoteleza hulika, na hulika ili meno ya gia yasigongwe, ekseli zisikatike, na waliomo ndani wasitupwe mbele na nyuma. Haikutengenezwa idumu milele. Imetengenezwa iishe polepole, mahali panapojulikana, kwa gharama ambayo mwenye gari aweza kuibeba.

Fikra hii haikuwa ngeni kwa nchi ile. Buhaya ni nchi ya wafua chuma tangu kale. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza uchunguzi wao, wakionyesha kwamba wenyeji wa magharibi ya Ziwa Victoria waliyeyusha chuma katika tanuri za joto kubwa mno zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Jembe lililotoka katika chuma huzaliwa pana na hufa dogo kama kiganja, na mkulima wa migomba hamlaumu mhunzi kwa sababu hiyo. Hujua kwamba lisipolika jembe, utalika mgongo wake. Walakini mwenye gari hulilaumu gari klachi inapokwisha, kana kwamba ametapeliwa. Pengine ni kwa sababu jembe huonekana likilika kila siku, na klachi imefichwa ndani ya kasha la chuma hata siku inapokwisha kabisa.

Wanafunzi wa falsafa watataka hapa kuuliza swali lao la zamani: gari lililobadilishwa kiungo ni gari lile lile au ni jingine? Plutarch alilisimulia kwa merikebu ya Theseus iliyobadilishwa mbao moja baada ya nyingine. Watu wa Bukoba wana merikebu yao wenyewe ya kuulizia: MV Victoria, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1961, ikakaa miaka kadhaa bila safari, kisha mwaka 2020 ikarudi katika njia ya Mwanza na Bukoba ikiwa na injini mpya. Abiria walipanda, na jina la Victoria likabaki ndani ya jina lake. Swali hilo ni tamu darasani, lakini halimsaidii mtu aliyelala chini ya gari na bisibisi mkononi. La kwake ni gumu zaidi, kwa sababu lina mdai na mdaiwa.

Kabla ya kulifikia, iondolewe njiani tuhuma moja isiyo ya haki. Wengi hudhani kwamba kosa la mzee, kama lipo, ni kufunga kitu ambacho hakikutoka katika kiwanda cha gari. Viwanda vya magari aghalabu havifui klachi vyenyewe. Kampuni kama Exedy ya Japani na Valeo ya Ufaransa huviuzia viwanda hivyo, na pia huuza madukani kwa jina lao wenyewe. Basi kile kinachoitwa cha asili mara nyingi kilikuwa cha mtengenezaji mwingine tangu mwanzo, kikavikwa boksi la jina kubwa na bei kubwa. Klachi ya mtengenezaji mwingine inayouzwa kwa jina lake haimdanganyi mtu. Mdanganyifu ni ile ya bandia, iliyoiba jina la mwenziwe, na Tanzania imekuwa na Sheria ya Alama za Bidhaa tangu mwaka 1963 kwa ajili ya wizi wa namna hiyo. Kwa mtu wa Bukoba, ambaye spea yake husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam au hupitia mpaka wa Mutukula kutoka Uganda, kumwambia asifunge ila kilichotoka kiwandani ni kama kumwambia atembee kwa miguu.

Kosa, kama lipo, limo katika neno "ngumu".

Klachi ya mashindano hutofautiana na ya kawaida kwa mambo mawili au matatu. Springi zake hubana kwa nguvu zaidi. Ngozi ya sahani yake aghalabu ni ya vipande vya madini yaliyookwa, visivyoogopa joto. Nyingine hazina hata zile springi ndogo za katikati ya sahani zinazomeza mshtuko. Kwa hiyo haitelezi kitambo kidogo. Hushika kwa ghafula, kama mkono wa polisi. Kijana ataipenda wiki ya kwanza. Lakini mshtuko uliokuwa ukimezwa na sahani haukufa kwa kuwa sahani imekataa kuumeza. Umehama. Sasa unapiga meno ya gia, unapiga ekseli, na katika mvua za Bukoba, ambazo si haba, unayazungusha magurudumu juu ya mwinuko uliolowa. Udhaifu uliokuwa mahali pa wazi na pa bei nafuu umepelekwa mahali pa siri na pa bei ghali.

Kila mtu ameona jambo hili nyumbani. Fyuzi ikikatika mara tatu, mwenye nyumba aliyechoka huweka waya mnene mahali pake, na fyuzi haikatiki tena. Kinachoungua siku nyingine ni nyumba. Hata hivyo mfano huu usivutwe kupita kiasi, maana fyuzi haina kazi ila kukatika, na klachi ina kazi ya kupeleka nguvu. Mtu aliyeongeza nguvu ya injini yake, akaimarisha giaboksi na ekseli, ana haki kamili ya klachi ngumu. Bila hiyo nguvu yake itapotea njiani. Magari ya mashindano hutengenezwa hivyo, kwa kuimarishwa yote pamoja. Anayeimarisha kimoja peke yake ni yule anayetaka sura ya nguvu bila kulipa bei yake.

Tena haifai kusahau mguu. Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953, yana ushahidi mzuri juu ya hili. Mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 ambayo kiwanda kilikuwa kimekwisha kuitumia, yaani gari kuukuu. Bert Shankland wa Tanzania alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari ambalo nduguze walikuwa wakibeba watu na mizigo katika kila mji wa nchi hizi. Katika mashindano ya 1963 magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho, na 1968 vilevile 7. Katika njia za namna ile gari lenye nguvu likivunjika halina faida juu ya lililo dhaifu likifika. Kijana wa Miembeni huenda ana tabia ya kulizuia gari mlimani kwa klachi badala ya breki, au ya kupumzisha mguu juu ya pedali. Kama ndivyo, ugonjwa umo mguuni, na fundi amebadilisha chuma.

Hapa atasimama mtetezi wa mzee na kusema: kijana ni mtu mzima, gari ni lake, fedha ni zake, ameomba kitu akapewa kitu hicho hicho. Fundi si mlezi. Zaidi ya hayo, gereji ni nyingi. Mzee akianza kutoa mafunzo, kijana atavuka barabara, na jioni watoto wa mzee watakula maneno ya hekima. Hoja hii ina uzito, na anayeicheka hajapata kuishi kwa kazi ya mikono. Lakini haithibitishi inachotaka kuthibitisha. Inathibitisha kwamba fundi hana haki ya kumkatalia kijana. Haithibitishi kwamba ana ruhusa ya kunyamaza. Kijana alipochagua alidhani anachagua kati ya udhaifu na nguvu. Uchaguzi wenyewe ulikuwa kati ya udhaifu wa mahali hapa na udhaifu wa mahali pale, na katika mazungumzo yale mmoja tu ndiye aliyelijua hilo. Mtu aliyechagua bila kuonyeshwa anachochagua hawezi kusemwa amechagua, hata kama amelipa.

Wala maneno yaliyohitajika hayakuwa mengi. Angesema, "Mwanangu, hii itashika, lakini giaboksi ndiyo itakayoumia, nami kwanza nataka kuona kama sili ya injini haivujishi mafuta juu ya sahani." Maana sahani iliyolowa mafuta huteleza kama iliyokwisha, na klachi mpya ikifungwa bila kuiziba sili itakufa kifo kile kile. Angetazama uso wa flaiwili kama unahitaji kukerezwa. Angemwomba aendeshe kwa upole kilomita mia kadhaa za kwanza. Dakika tano zilitosha, na baada yake kijana angeweza bado kusema, "Funga hiyo hiyo, mzee," na mzee angeifunga kwa moyo mweupe.

Tena kijana si mtu wa mwisho katika habari hii. Magari ya Bukoba hayafi mikononi mwa aliyeyanunua kwanza. Baada ya mwaka mmoja au miwili Subaru ile itauzwa, huenda kwa mwalimu wa Muleba anayetaka gari la kumpeleka kazini na kumrudisha, naye ataona pedali ni nzito kidogo na kudhani ndivyo magari haya yalivyo. Kijana hatamwambia kitu, kwa sababu hana la kumwambia, hakuambiwa. Na siku jino la gia litakapovunjika barabarani, usiku, familia ikiwa ndani, mwalimu atamlaumu Mjapani aliyelitengeneza, au ataulaumu mwinuko. Anayejua sababu ni mzee yule wa Miembeni peke yake, naye hakuna atakayekwenda kumwuliza.