Mazoezi Madogo

Msomaji, kosa lipi ni baya zaidi: lile linaloonekana mara moja na kumwaibisha mtendaji, au lile linalopita kimya kimya katika mavazi ya haki? Swali hili ni la zamani, lakini chombo kipya chaweza kutusaidia kulijibu.

Mfikirie kijana wa Ziwa, katika nchi ya mahindi ya Uasin Gishu, anayejifunza lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kompyuta haiielewi lugha hii kama ilivyoandikwa. Yuko mfasiri, aitwaye kompaila, ambaye kwanza huisoma programu yote na kuigeuza kuwa amri za mashine. Nukta-mkato moja ikisahauliwa, mfasiri huikataa kazi nzima, wala hasikii udhuru. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye busara huanza na mazoezi madogo. Kosa katika mistari kumi hutafutwa likapatikana. Katika mistari elfu humpoteza mtafutaji. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Siku moja kijana huyo ajipa zoezi: mkulima ana kilo 1,025 za mahindi, atajaza magunia mangapi ya kilo 90? Aandika, mfasiri akubali, jibu latoka: 11. Kijana afurahi. Lakini kwa kuwa zoezi ni dogo, ashika kalamu na kuhesabu tena. Magunia 11 ni kilo 990. Kilo 35 zi wapi? Katika lugha ya C, namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili, sehemu inayobaki hutupwa pasipo onyo. Mkulima akilipwa kwa hesabu hiyo, atakuwa ameibiwa na programu isiyo na kosa hata moja la sarufi.

Mfasiri hupima sarufi; haki hapimi. Mwanadamu naye aweza kushika kila sheria, asishitakiwe maisha yake yote, na bado jirani akalala na njaa kwa sababu yake. Basi mshukuru anayekukosoa waziwazi, maana amekupunguzia nusu ya taabu. Lakini akinyamaza, usidhani kazi imekwisha. Rudia hesabu kwa mkono wako, ujiulize kama ungeweza kumsomea mkulima jibu lile huku ukimtazama usoni.