Swali Lisilo na Mfano

Mzee wa Kamachumu akimwambia mjukuu wake, "Nenda kibanjani ukapunguze machipukizi," hana haja ya kumwonyesha lipi la kukata na lipi la kuacha. Kijana atakwenda, na kazi itakuwa nzuri. Lakini mgeni aliyekulia katika mashamba ya mtama kule Dodoma, akipewa amri hiyo hiyo, huenda akaling'oa chipukizi lile lile ambalo lingekuwa mrithi wa mgomba.

Wote wawili wameambiwa bila mfano. Hata hivyo kijana hakukosa mifano. Anayo tangu alipobebwa mgongoni, mama yake akipalilia.

Ndivyo zilivyo mashine za akili mnemba. Mwaka 2020 kampuni ya OpenAI ya Marekani, ilipoeleza mashine yake ya GPT-3, iliipima kwa njia tatu: kuiuliza bila mfano, kwa mfano mmoja, na kwa mifano michache. Kwa jumla, mifano ilisaidia. Siku hizi wengi wetu huuliza bila mfano, na majibu huja, tena kwa lugha tamu. Je, kweli yamekuja bila mfano? Mashine imekwisha kusoma maandiko mengi mno, na sehemu kubwa ni ya Kiingereza. Mifano imo, ila si ya kwetu.

Hapo ndipo penye hatari. Mkulima akiuliza tu kwa nini majani ya mgomba yanageuka manjano, anaweza kujibiwa habari za mbolea na maji. Kumbe mkoani Kagera, tangu mwaka 2006, upo mnyauko wa bakteria, na kisu kisichosafishwa huupeleka kutoka shina hadi shina.

Basi tutoe mifano kila mara? Tuwe waangalifu, kwani mfano nao hufunga. Mwonyeshe mtu migomba mitatu iliyokosa maji, na wa nne atauona una kiu hata kama unaumwa. Naona ni busara kuuliza kwanza bila mfano, ili tujue mwenzetu amebeba nini kichwani. Kisha tumpe mfano wetu: mgomba wa jirani ulianza hivi hivi, ndizi zikaiva kabla ya wakati, shina lilipokatwa likatoa usaha wa manjano, nao ulikuwa mnyauko.

Asiyetoa mfano wake hujibiwa kwa mifano ya wengine. Na kibanja kikiteketea, mashine haitalala njaa.