Nani Aliyesema Bibi Hana Umuhimu?

Mwaka 2010 nilipeleka DVD ya harusi ya kaka yangu kwenye kibanda kimoja Tarime mjini, vile vibanda vya kurushiwa nyimbo na muvi kwenye simu. Kijana wa kompyuta akaniuliza, "Bro, nikuwekee kama ilivyo au nibane?" Nikamwambia bana. Memori kadi yangu ilikuwa ya GB 2, na diski ya kawaida ya DVD inabeba hadi GB 4.7. Ningefanyaje?

Video ikaingia, na nafasi ikabaki. Baada ya muda shangazi wa Sirari alikuwa nayo, binamu wa Mugumu pia. Diski yenyewe ikakwaruzika, tukaitupa. Ya nini, si ipo kwenye simu?

Miaka kadhaa baadaye bibi, mama yake mama, alifariki. Nikakumbuka kwamba siku ile alikaa nyuma, chini ya turubai, vidole vyake vikifuata nyuzi za litungu. Nikaifungua video. Wachezaji wanaoruka mbele wanaonekana. Bibi ni viraka vya kijivu.

Simlaumu kijana. Kubana video ni kuchagua. Picha ya DVD ina nukta 720 kwa 576. Video nyingi za simu za wakati ule zilikuwa 176 kwa 144, yaani katika kila nukta 16 inabaki kama moja tu. Halafu programu haihifadhi kila picha nzima. Inashika moja, kisha inaandika kilichobadilika kwenye zinazofuata. Nafasi ikiwa finyu, vumbi na miguu ya wachezaji vinaimaliza. Kitu kidogo, kilicho kivulini, kinachotikisika kidogo tu, kinapakwa rangi moja, kwa hesabu kwamba jicho halitagundua.

Jicho la nani? Hesabu ile imepigwa kwa jicho la mtu yeyote, na bibi hakuwa bibi wa mtu yeyote.

Nisijifanye mwema. Mimi ni mwandishi wa habari, na kazi hiyo hiyo naifanya kila wiki. Mzee anaongea nami saa nzima, gazetini anabaki na sentensi mbili, nami nalala usingizi. Na kusema kweli, bila kubana, shangazi asingeiona harusi ile kabisa. Kitu kizito kisichobebeka hakimfikii mtu. Kwa hiyo kupunguza kunaweza kuwa ukarimu.

Kosa langu lilikuwa jingine. Nilichukua nakala ya kugawa nikaifanya ndiyo kumbukumbu yenyewe, na uamuzi huo niliufanya kwa neno moja, nimesimama kibandani, bila kumuuliza mama. Naamini mwenye haki ya kusema kipi kitupwe ni yule atakayekitafuta kesho. Kwa kuwa hatumjui, basi walau tumwachie ya asili: gawa ndogo, tunza kubwa, na diski ikianza kuchakaa inakiliwe nzima kabla haijafa.

Mwezi uliopita mama aliiangalia ile video. Akaweka kidole kwenye kile kijivu, akasema, "Mama yangu huyu hapa, ameshika goti."

Yeye anamwona. Mwanangu wa miaka 6, aliyekuwa pembeni yake, akauliza: "Wapi?"