Faini Moja, Adhabu Mbili

Husemwa kwamba mahakama ikiwatoza watu wawili kiasi kimoja imewafanyia uadilifu. Hebu tulipime neno hili. Tuchukulie wamepigana sokoni Diani mwenye hoteli na mvuvi wa Chale, na kila mmoja akahukumiwa faini ya Sh. 15,000 au kifungo cha miezi mitatu, kama Kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinavyoruhusu. Mwenye hoteli atalipa, na adhuhuri yuko kwake. Mvuvi ataingia jela. Ngalawa itakauka pwani, na watoto watakula kwa jirani. Kosa ni moja na hukumu ni moja, walakini yule amelipia kosa lake na huyu amelipia ufakiri wake. Atasema mtu: “Si alipewa nafasi ya kulipa?” Nafasi asiyoiweza mtu si nafasi.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1909 serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyowezesha kijiji kizima cha Waafrika kutozwa faini kwa kosa la mmoja wao. Mzungu hakuguswa nayo. Kisha kikaja kipande, na mwanamume wa Kiafrika aliyekikosa alitozwa faini au alifungwa. Na tuseme kweli: wako wazee wetu wa mijini waliopigania kuandikwa Waarabu, wakamwachia Mdigo kipande chake shingoni.

Itazameni kafara ya yamini katika Suratul Maida. Mtu hulisha maskini kumi kwa wastani wa kile anachowalisha watu wa nyumbani kwake, na asiyeweza hufunga siku tatu. Kipimo ni nyumba ya mwenye kulipa, na fakiri amewekewa mlango anaoweza kupita. Finland nayo, tangu 1921, hupima faini kwa kipato cha mtu cha siku.

Hakimu wa Kwale hana haja ya kuingoja Finland. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 yamruhusu, katika makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, kumwamuru mtu afanye kazi ya umma na alale kwake. Mvuvi wetu angefagia soko lile lile asubuhi, na usiku akaenda baharini. Lakini hakimu hatajua hali yake asipoelezwa. Basi ikifika kesi ya jirani, wazee wa mtaa wasingoje hukumu. Wamwendee afisa wa probesheni mapema, wamweleze mapato ya mtu huyo na idadi ya anaowalisha, kwani taarifa ya afisa huyo ndiyo hakimu huitazama kabla ya kuamuru kazi hiyo.