Hadithi Fupi, Kiingereza na Swali la Haki

Hadithi ya kubuni husimulia mambo ambayo hayakutokea, lakini hutumiwa kumfundisha mwanafunzi lugha ya kusemea kweli. Plato aliliona hilo kuwa hatari, akataka washairi wadhibitiwe. Aristotle alishikilia kwamba ushairi una falsafa zaidi ya historia, kwa kuwa historia hueleza yaliyotokea, nao ushairi huonyesha yanayoweza kutokea. Suala hilo lingali hai katika somo la Kiingereza katika kaunti za Homa Bay na Migori nchini Kenya.

Mwanafunzi wa kiwango cha kati huweza kueleza nani alikwenda wapi na akafanya nini. Kinachomshinda ni kupima jambo: kutoa sababu, kukisia, kukubali hili na kukataa lile. Maswali ya ufahamu yenye jibu moja hayamfikishi huko. Humfikisha swali la maadili ambalo jibu lake halimo kitabuni.

“The Rain Came” ya Grace Ogot, iliyomo katika mkusanyiko Land Without Thunder wa mwaka 1968, ina swali la aina hiyo. Ukame umeikumba nchi, na Chifu Labong'o anaambiwa kwamba binti yake wa pekee, Oganda, hana budi kutolewa kafara kwa zimwi la ziwani. Mpenzi wake, Osinda, anamwokoa, na mvua inanyesha. Je, ni haki mmoja afe ili wengi wapone? Mwanafunzi mmoja atasema utiifu wa baba ulitosha, kama ule wa Ibrahimu. Mwingine atasema mvua ingenyesha hata bila kafara. Kila mmoja atahitaji sentensi za masharti, naye atazitumia kwa kuwa ana jambo la kutetea.

Karibu na Kendu Bay, ziwa Simbi Nyaima lina sigana inayolipindua swali hilo. Kijiji kilimfukuza bikizee aliyeomba hifadhi, kikazama chini ya maji. Mwanamke aliyemkirimu akaokoka. Hapa wengi wanaangamia, wakiwemo watoto ambao hawakumkosea mtu. Mwanafunzi anayeiandika upya kwa Kiingereza ana mamlaka juu ya maana yake, hata kama lugha bado inampiga chenga.

Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind ya mwaka 1986, alionya kwamba lugha hubeba utamaduni wa wenyewe. Onyo hilo lina uzito. Kwa hiyo yafaa mjadala uanze kwa Kijaluo, Kikuria au Kiswahili, kisha hoja ziandikwe kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Kehancha kule Migori, ambaye Simbi si ya kwao, naye aulizwe kwao mgeni hupokewaje.

Mwalimu asitoe alama kwa hukumu aliyoifikia mwanafunzi. Atahini ufasaha wa sentensi na nguvu ya sababu, kwa maana hapo ndipo lugha na haki hupimwa pamoja.