Mbuzi wa Amana na Shamba la Mlimani

Mkulima mwenye ekari moja mlimani, ambaye ghala lake huwa tupu kufikia Januari, anadaiwa nini na watu ambao hawajazaliwa? Huku kwetu Kondoa swali hili hurudi kila msimu, na jibu la mimbarini ni moja: ardhi ni amana. Ni ya Mwenyezi Mungu, sisi ni makhalifa tu, basi tuihifadhi. Mimi ni mwalimu wa madrasa na mkulima wa uwele na alizeti, na hayo nayaamini kwa moyo wote. Ninachokataa ni kuishia hapo. Amana ina hukumu zake katika fikihi, na tumezoea kuhubiri nusu yake.

Ukiniwekea mbuzi wako amana, ni wajibu wangu kumlinda. Nikizembea akafa, nitakulipa. Lakini gharama ya malisho yake ni yako wewe mwenye mbuzi. Wanazuoni hawakumtwisha mlinzi ulinzi na gharama kwa pamoja; angetwishwa vyote viwili, angekimbia. Sasa ardhi nayo, malisho yake alipe nani?

Vilima vyetu vya Irangi vimeshalijibu swali hili mara moja, tena vibaya. Makorongo yalikuwa yanakula mashamba. Mwaka 1973 serikali ikaanzisha mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa msaada wa Sweden, na mwaka 1979 mifugo ikaamriwa itoke katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Ardhi ikapona, na hilo halifichiki: nyasi zilirudi, miti ya miombo ikachipua upya, makorongo mengi yakatulia. Anayebisha apande mlimani ajionee.

Ila ng'ombe aliyeondoka alikuwa maziwa ya mtoto, samadi ya shamba, mahari ya kijana na akiba ya siku ya ugonjwa. Wazee husimulia kwamba mwenye ndugu tambarare alipeleka mifugo yake huko, na asiye na ndugu aliuza kwa bei aliyoikuta. Shamba likakosa samadi, kwa hiyo udongo uliookolewa ukampa kidogo yule yule aliyeuokoa. Ruhusa ya kufuga ng'ombe bandani ilikuja baadaye, na mzigo wa majani ukawa juu ya vichwa vya wanawake.

Linganisha amri ile ya kutoa mifugo na zaka ya mazao. Aliyevuna kwa mvua hutoa sehemu moja ya kumi. Aliyemwagilia kwa gharama na jasho hutoa nusu ya hiyo. Na katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, nafaka isiyofikia wasaki tano, kama kilo 653 hivi, haina zaka kabisa. Sheria ya Mungu imeingia shambani, ikatazama jasho la mtu, ikapima ghala lake, ndipo ikadai. Lakini amri ya kuhifadhi udongo huja kwa kipimo kimoja kwa mwenye magunia sitini na kwa mwenye manne.

Nina jirani mjane, shamba lake liko ukingoni mwa korongo. Aliambiwa achimbe makinga maji, apande matete, na aache ukanda mzima wa juu bila kulima. Akaniuliza, "Maalim, hao wajukuu wa wajukuu nimewaelewa. Hawa walioko jikoni je?" Sikuliona swali hilo kuwa la uvivu wala la imani haba. Ni swali la mlinzi anayeuliza malisho ya mbuzi.

Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Nalipenda sana tamko hilo. Ila kama ardhi ni yetu sote, basi ukanda ule usiolimwa ni wetu sote pia, na mahindi ambayo yangeota pale ni deni letu kwa huyu mama.

Nimependekeza msikitini kwetu zaka ya mavuno ianzie kwa kaya za namna hii. Mzee mmoja akanipinga: zaka si ujira, haiwezi kutolewa kwa sharti la kuchimba makinga maji. Yuko sahihi, na pingamizi lake limeniongoza vizuri kuliko pendekezo langu. Mama huyu anastahili zaka kwa ufukara wake tu, alime ukanda ule au asilime. Kwa hiyo apewe bila sharti. Malipo ya ukanda wenyewe ni jambo jingine, na hayo tuyadai kwenye mkutano wa kijiji na halmashauri, yatoke katika fedha za wote. Akishapata vyote viwili, kisha akalima hadi ukingoni, hapo nitakuwa na haki ya kwenda kwake kumsomea hukumu za amana.